Mahindi Yaliyooteshwa na Wafasiri

Kuna hoja isiyokufa katika mijadala ya urithi wetu: kwamba mahindi yalilimwa Afrika kabla Christopher Columbus hajavuka Atlantiki mwaka 1492. Wenye hoja hiyo hawakosi hati. Kwa pwani yetu, iliyo karibu zaidi ni ya Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika kama mwaka 1516 kwamba Malindi kulikuwa na mchele, milho, na ngano kidogo iliyoletwa kutoka Cambay. Fungua kamusi ya Kireno ya leo utafute milho, utakuta mahindi. Sasa miaka 24 baada ya Columbus watu wa Malindi watakuwaje tayari wanasonga ugali wa mahindi, kama zao lenyewe halikuwapo tangu zamani? Hoja ya namna hii ningeiacha ipite kama ingekuwa ya barazani tu, lakini imepita mikononi mwa wasomi wenye majina.

Kilichowaponza ni desturi ya Wazungu kulipa zao geni jina la nafaka waliyoizoea kwao, na hapo Kiingereza ndicho mkosaji mkubwa. Neno corn asili yake ni punje, ya mmea wowote, hata ya kitu kisicho mmea. Ndiyo maana punje ya pilipili manga ni peppercorn, na nyama ya kopo huitwa corned beef ingawa haina nafaka hata chembe: iliyotajwa pale ni chumvi ya mawe iliyotumiwa kuihifadhi. Inchi moja ilihesabiwa kuwa urefu wa punje tatu za shayiri zilizofuatana, na mpaka leo kiatu namba 8 cha vipimo vya Kiingereza kinakizidi namba 7 kwa theluthi ya inchi, yaani punje moja ya shayiri. (Sugu ya kidole cha mguu, ambayo nayo huitwa corn, si ndugu yao. Hiyo imetokana na neno la Kilatini la pembe.)

Kutoka punje, neno likahamia kwenye nafaka inayolisha watu wa mahali. England ikawa ngano, Scotland na Ireland oti. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 inajaza ghala za Yusufu kule Misri kwa corn. Wafasiri wetu waliandika nafaka, wakatuepusha na Farao mla mahindi. Sheria za nafaka za Uingereza, za mwaka 1815 hadi 1846, zililinda bei ya ngano na wenzake. Walowezi wa Marekani ndio walioyaita mahindi Indian corn, kisha neno la mbele wakalidondosha. Njaa ilipoikumba Ireland, waziri mkuu Robert Peel aliagiza kwa siri, Novemba 1845, mahindi ya Marekani yenye thamani ya pauni 100,000. Yalikuwa magumu mno kwa vinu vya huko, watu wakala unga usiosagika vizuri wakaumwa matumbo, na kwa rangi yake ya njano wakauita kiberiti cha Peel. Huku Afrika, mtama wa magharibi Waingereza waliuita Guinea corn, na wa kusini wakaupa jina lenye tusi la Waafrika ndani yake. Kwa hiyo corn iliyoandikwa na ofisa wa kikoloni inaweza kuwa mahindi, na inaweza kuwa mtama.

Aliyeisimamia hoja ya mahindi ya kale kwa ushupavu kuliko wote ni M.D.W. Jeffreys, ofisa wa zamani wa serikali ya kikoloni huko Nigeria na Cameroon, baadaye mwalimu wa anthropolojia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1953 alichapisha katika jarida la Nature makala kuhusu mahindi ya Afrika kabla ya Columbus, na hakuiacha mada hiyo kwa miaka mingi. Kwake, walioyaleta ni Waarabu. Namheshimu kwa jambo moja: aliyachukua majina ya mazao katika lugha za Waafrika kuwa ushahidi, wakati ambapo wenzake wengi waliona historia ni karatasi tu. Wahausa huyaita mahindi masara, neno linaloelekeza Misri. Jeffreys akasema, basi yalitoka huko.

Lakini Waturuki nao huyaita mısır, Misri ileile. Waitaliano huyaita granturco, nafaka ya Kituruki, na Mjerumani Leonhart Fuchs aliyachora kwenye kitabu chake cha mimea cha mwaka 1542 kwa jina hilohilo la Uturuki. Sisi tumeyapa jina la Hindi. Ukiyafuata majina haya utazunguka bahari zote bila kufika kusini mwa Mexico, kwenye bonde la mto Balsas, ambako wakulima waliyazalisha kutoka nyasi mwitu miaka kama 9,000 iliyopita. Jina la zao humtaja aliyekuuzia.

Hati ambayo wapenzi wa Jeffreys huipita haraka iko kwenye mkusanyo wa safari uliochapishwa na Ramusio, Venice, mwaka 1550. Humo rubani Mreno asiyetajwa jina anasema nafaka iitwayo zaburro visiwani Cape Verde na São Tomé ndiyo iitwayo mahindi huko West Indies. Jeffreys aliichukua maana hiyo akairudisha nyuma hadi kwa Valentim Fernandes, aliyetaja milho zaburro kama mwaka 1506. Kwa Mreno wa wakati wa Fernandes, zaburro ilikuwa mtama. Ndani ya miaka 40 hivi zao jipya lilirithi jina la zao la zamani, na rubani yule alikuwapo mabadiliko yakitokea.

Kisha kuna vigae vya Ife, Nigeria. Mfinyanzi alilichukua gunzi lililokwisha kupukuchuliwa, akaliviringisha juu ya udongo mbichi, na vishimo vya punje vikabaki kwa mistari. Vigae vya aina hiyo vilipatikana kwenye sakafu za nyua za kale, na A.J.H. Goodwin akazitambua alama hizo mwaka 1953. Jeffreys alisema sakafu ni za kale, kwa hiyo na mahindi ni ya kale. Frank Willett akaigeuza hoja mwaka 1962: mahindi ndiyo yatupe umri wa sakafu. Leo waakiolojia wa Afrika Magharibi huihesabu alama ya gunzi kuwa dalili ya chungu cha baada ya mwaka 1500. Mbishi atasema huko ni kuzunguka palepale, na ana haki kidogo, ila alete punje ya mahindi iliyotoka katika tabaka la uhakika la kabla ya 1492.

Kwa Leo Wiener na Ivan van Sertima, waliowavusha mabaharia wa Kiafrika hadi Amerika kabla ya Columbus, sina subira ya kiasi hicho.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta ndizi na samaki, na nafaka iliyoletwa kutoka Sawahili. Nafaka gani? Pemba inajibu. Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua na kuhifadhika ardhini: Tumbe, kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, uwele ndio uliotawala, na Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ukashika nafasi. Mchele na milho za Barbosa zinakaa sawasawa juu ya matokeo hayo, mradi milho isomwe kama uwele au mtama. Kumpa Mmalindi mahindi hapo ni kuwanyang'anya wakulima wa uwele kazi yao ya karne nyingi.

Mahindi yenyewe yalishika visiwani katika karne ya 17, chini ya Wareno, na hadithi yake ya bara mpaka mbegu chotara ya H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964 ni makala nyingine. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliyapita mashamba ya njia ya misafara kati ya 1857 na 1859. Kauli zake kuhusu Waafrika ni chafu, lakini mtama aliuita holcus, jina la wataalamu wa mimea wa wakati wake, na hakuuchanganya na mahindi.