Kwata Ndai: Fumbo, Jibu na Maana ya Neno katika Kitui na Makueni

Tarehe 3 Desemba, 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui mlima wenye kilele cheupe ambao habari zake alikuwa amezisikia kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Jina alilolisikia hapo akaliandika kwa namna ambayo baadaye ilikuja kuwa jina la nchi nzima. Tafsiri inayohusishwa naye ni "mlima wa weupe". Wasemaji wengi wa Kikamba, hata hivyo, hulifafanua jina Kiinyaa kwa njia nyingine: wao hulihusisha na nyaa, yaani mbuni, ambaye dume lake lina manyoya meusi yaliyochanganyika na meupe kama vile mwamba wa mlima ule ulivyochanganyika na barafu. Wataalamu hawajaafikiana juu ya asili ya jina hilo, na si kusudi la makala haya kuwapatanisha. Linalostahili kuzingatiwa ni tofauti ya njia. Tafsiri ya kwanza inampa msikilizaji sifa iliyokwisha kukamilika. Ya pili inampa ndege, kisha inamwachia mwenyewe kazi ya kutafuta ndege na mlima wanakutana wapi.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwa miongoni mwake pamoja na Kiswahili, Kinika, Kipokomo, Kihiau na Kigalla. Manufaa ya kazi hiyo kwa taaluma ya isimu hayana ubishi. Lakini muundo wake ulibeba dhana fulani kuhusu maana: kwamba neno la lugha moja lina mwenzake katika lugha nyingine, na kwamba aliyeonyeshwa mwenzake huyo amekwisha kuelewa. Watoto wa Kitui, na wa sehemu ambazo leo ni Makueni, hawakujifunza maneno kwa njia hiyo. Mojawapo ya shule zao ilikuwa ndai.

Ndai ni kitendawili cha Wakamba. Mtegaji huanza kwa kusema "Kwata ndai!", na wenzake hujibu "Nakwata". Vitabu vingi vya fasihi simulizi huitaja kanuni hii ya ufunguzi kama kibwagizo tu cha kuwakusanya wasikilizaji, kisha huendelea na mambo mengine. Huo ni upungufu. Kukwata ni kushika au kukamata. Katika Kiswahili anayetoa fumbo hutamka "Kitendawili!", na hadhira humjibu "Tega!", yaani hadhira ndiyo inayomtaka mwenzao aweke mtego, huku ikijua kuwa yenyewe ndiyo itakayonaswa. Katika Kikamba amri inatoka upande wa pili: mtegaji ndiye anayewaamuru wenzake washike, nao wanakiri kuwa wameshika hata kabla ya kusikia walichopewa. Picha zote mbili zina harufu ya windo, lakini nafasi ya mfumbuaji si moja. Kule yeye ni windo. Huku yeye ni mwindaji, au angalau mtu aliyekabidhiwa kitu mkononi na kutakiwa asikiachie mpaka akitambue.

Dhana hii ya kushika kabla ya kujua ndiyo kiini cha ujifunzaji wa maana katika ndai. Chukua kitendawili kinachojulikana sana nchini Kenya na kwingineko, cha nyumba isiyo na mlango. Jibu ni yai, na hakuna mtoto asiyelijua neno hilo kabla ya kuteguliwa. Basi amejifunza nini? Amejifunza kwamba "nyumba" si kuta na paa tu, bali ni kile kinachohifadhi uhai ndani yake. Na kwamba mlango, ambao hakuwahi kuufikiria, ni sehemu ya maana ya nyumba kwa sababu kukosekana kwake kunashangaza. Maneno mawili aliyokuwa nayo yamepanuka bila yeyote kumtolea fasili.

Zaidi ya hayo, sarufi nayo inashiriki katika udanganyifu. Katika lugha za Kibantu nomino hutawala upatanisho wa sentensi nzima, na katika kitendawili inayotawala ni nomino ya kinyago. Maadamu kinachosemwa ni nyumba, viambishi vyote hufuata ngeli ya nyumba na havitoi fununu yoyote ya yai. Mfumbuaji hulazimika kuivuka ngeli aliyosikia na kuingia katika nyingine: kutoka nyumba kwenda yai katika Kiswahili, kutoka nyũmba kwenda ĩtumbĩ katika Kikamba. Lugha isiyo na mfumo wa ngeli haiwezi kumficha mtu kwa ukamilifu kama huo. Ajabu ni kwamba wahakiki waliojishughulisha na vitendawili wamesema mengi kuhusu sitiari na machache mno kuhusu viambishi.

Kazi kubwa ya mapema ya kuhifadhi ndai kwa maandishi ni ya Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani mnamo 1911 na 1912 na kutoa tasnifu yake juu ya Wakamba huko Uppsala mwaka 1916. Mkusanyo wake wa vitendawili, methali na nyimbo ulichapwa mwaka 1934, ukiwa sehemu ya tatu ya mfululizo wake juu ya fasihi simulizi ya Wakamba. Miaka mitano baadaye, 1939, kamati ya lugha ya Africa Inland Mission, misheni iliyokuwa imeanza kazi yake Nzaui mwaka 1895, ilitoa kamusi ya Kikamba na Kiingereza. Vitabu hivi viwili vinafaa kusomwa pamoja, kwani kila kimoja kinaonyesha ukosefu wa kingine. Kamusi inatoa neno na maana yake kwa mpangilio wa alfabeti. Mkusanyo unatoa swali na jibu lake. Katika vyote viwili jibu limekaa hatua moja tu kutoka kwenye swali. Kimya kilichokuwa kati yao, makisio yaliyokataliwa, ubishi wa mtoto aliyeona jibu lake linafaa kuliko la mtegaji, havikupata nafasi katika ukurasa. Si haki kumlaumu Lindblom kwa hili. Bila yeye pengine hata jibu lisingalikuwapo. Lawama, ikiwa ipo, iwaendee waliokuja baadaye wakauchukua ukurasa kuwa ndiyo ndai yenyewe.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, uliipa fasihi simulizi nafasi ya heshima madarasani, na mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ukaipa alama. Heshima hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwanafunzi alitakiwa ataje sifa za vitendawili, aeleze dhima zake na atoe mifano pamoja na majibu. Kitendawili ambacho jibu lake limekaririwa si kitendawili tena. Ni msamiati wa safu mbili, na kwa namna hiyo Krapf alirudi darasani bila kualikwa.

Je, basi, njia ya kujifunza maana kwa kufumbua imetoweka katika Kitui na Makueni? Wanaoitafuta ndani ya mipaka ya utanzu, yaani mahali palipo na "Kwata ndai" pekee, huenda wakajibu kwamba inafifia. Lakini ipo mahali pengine ambapo wahakiki wa vitendawili hawajazoea kutazama: katika majina ya njaa. Eneo hili ni kame, na Wakamba wamekuwa wakihesabu miaka yao kwa majina waliyoyapa mabaa ya ukame. Baadhi ya majina yanajieleza bila taabu. Njaa ya 1961 hukumbukwa kwa jina la Ndeke, yaani eropleni, kwa kuwa chakula cha msaada kiliangushwa kutoka angani. Jina la njaa ya 1984, kinyume chake, ni fumbo kamili: Nikw'a ngwete.

Kwa tafsiri ya neno kwa neno, jina hilo lasema "ninakufa nikiwa nimeshika". Umbo kwete ni la kitenzi kile kile cha kukwata. Linaonyesha kushika kulikokwisha kutendeka na ambako bado kunaendelea, na kiambishi cha nafsi ya kwanza kinapokutana na k sauti hugeuka kuwa ng. Yambwa haipo. Ameshika nini huyu anayekufa? Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka huo anaweza kuzijua sehemu zote za kauli hii na bado asiielewe. Akitazama kamusi atapata "kufa" na "kushika" na kubaki pale pale. Lazima aulize, na anayeulizwa, akiwa mtegaji mwema, hatamjibu upesi. Atamsimulia habari za mwaka ambao mvua zilikosekana, mazao yakakauka mashambani, na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Atamweleza juu ya watu waliokwenda dukani wakiwa na uwezo wa kununua, wakakuta hakuna kinachouzwa. Ndipo yambwa iliyofichwa itakapojitokeza yenyewe: pesa.

Hapa nafasi ya mfumbuaji imegeuka kwa namna ya kutisha. Katika ndai mtoto anaamriwa ashike, naye anashika kwa furaha kitu asichokijua. Katika jina la njaa mtu mzima ameshika kitu anachokijua vizuri, lakini kimeacha kuwa na maana aliyoizoea. Kamusi ya 1939 ilitangulia njaa hiyo kwa miaka 45, na mkusanyo wa Lindblom kwa 50. Hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivyo kilichoweza kuonyesha kwamba kitenzi kinachofungulia mchezo wa watoto kingekuja kufungia hesabu ya baa la watu wazima. Wanaoweza kulieleza hilo ni wazee wa Mwingi, Mutomo, Kibwezi na Wote walioushuhudia mwaka ule, na majina ya njaa waliyonayo hadi sasa huorodheshwa zaidi na wanahistoria na wataalamu wa kilimo kuliko wanafasihi.