Orta San Giulio

Orta San Giulio ni mji mdogo wa Italia ya kaskazini, katika mkoa wa Piemonte. Uko kwenye rasi ya ukingo wa mashariki wa Ziwa Orta, magharibi mwa Ziwa Maggiore. Wageni wengi huja asubuhi na kuondoka jioni, na muda huo unatosha.

Kitovu chake ni Piazza Motta, uwanja ulio wazi upande wa ziwa. Hapo limesimama Palazzotto la mwaka 1582, jumba dogo la baraza lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye michoro iliyofifia ukutani. Boti huvuka kwa dakika chache hadi kisiwa cha San Giulio, penye basilika na monasteri ya masista Wabenedikto. Kilimani juu ya mji ni Sacro Monte: makanisa madogo 20 yanayosimulia maisha ya Fransisko wa Asizi kwa sanamu za udongo wa kuchoma. Mwaka 2003 UNESCO ilikitia kilima hicho katika Urithi wa Dunia, pamoja na vingine vinane vya aina yake.

Uangavu wa maji unaficha mengi. Kuanzia 1926 kiwanda cha nyuzi za rayoni kilimwaga ziwani shaba na amonia. Maji yakawa na asidi, samaki wakatoweka karibu wote. Mwaka 1989 na 1990 ziwa lilitiwa chokaa, na viumbe wakarejea polepole.

Kituo cha treni, Orta-Miasino, kiko juu ya mji: kwenda ni kuteremka, kurudi ni mlima.