Kabla ya makohozi, muulize kazi yake

Kila tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, tunakumbushwa: ukikohoa wiki mbili, kapime. Ni ushauri mwema, wala siupingi. Ila upo ugonjwa wa kifua ambao makohozi hayautaji hata yakipimwa mara kumi. Huo hufichuliwa kwanza na swali: unafanya kazi gani?

Swali lenyewe ni la kale. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliwahimiza wenzake wamuulize hivyo kila mgonjwa, katika kitabu chake cha mwaka 1700 kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Humo aliwataja hata wapepeta nafaka waliokohozwa na vumbi la maghalani. Kisha zikapita karne mbili na ushei.

Mwaka 1932 J. M. Campbell, daktari wa Westmorland, kaskazini mwa Uingereza, aliandika katika British Medical Journal habari za vibarua waliougua baada ya kushughulika na nyasi kavu zilizovunda. Ugonjwa huo ukaja kuitwa "mapafu ya mkulima".

Tabia yake ni ya kuvizia. Mtu anafumua robota la nyasi asubuhi, vumbi linamfuka usoni, anapangusa macho na kuendelea. Saa nne hadi nane baadaye, pengine ameshaoga na kula, anashikwa na homa, kutetemeka, kikohozi kikavu na pumzi kumkatika. Akipumzika anapata nafuu. Akipata nafuu anarudi bandani.

Ubishi ukazuka juu ya chanzo chake. Mwaka 1946 Törnell wa Sweden alishikilia kwamba ni kuvu inayoota ndani ya mapafu, maradhi yanayofanana na kifua kikuu. Wengine walishuku kuwa ni mzio tu. Waliomaliza ubishi walianzia kwenye nyasi zenyewe. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Philip Gregory na Maureen Lacey walizitikisa nyasi zilizovunda ndani ya njia ndogo ya upepo, wakalinasa vumbi na kulichunguza. Nyasi zikifungwa zingali mbichi hujichemsha zenyewe, joto likapita nyuzi 50. Katika joto hilo hustawi bakteria wanaotanda nyuzinyuzi kama kuvu, na chembe zao ni ndogo kiasi cha kufika kina cha mapafu.

Jack Pepys, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi London, aliichukua damu ya wagonjwa na kuikutanisha na dondoo la bakteria hao: kingamwili zikajitokeza. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 1963. Wagonjwa waliokubali kuvuta dondoo la nyasi zilizovunda walipandwa na homa saa kadhaa baadaye, kama vile wametoka shambani. Kumbe hakuna kilichoota. Mwili ulikuwa ukipigana na vumbi. Tumezoea kusikia kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi ndizo zilizochokoza, yakaumia mapafu.

Mwaka 1965 wafugaji wa njiwa nao waliingia kwenye orodha ya wanaougua hivyo, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 ukautenga ugonjwa wenye makovu mapafuni na usio nayo. Dawa ya prednisoloni hutuliza, lakini dawa ya kwanza ni kuachana na vumbi. Kovu likishakaa, halifutiki.

Nasi tuna ng'ombe wa maziwa, kuku, njiwa, na marobota yanayonyeshewa kabla ya kufika ghalani. Kukausha nyasi barabara kabla ya kuzifunga na kuzifumulia penye upepo hakuhitaji mfadhili. Kuuliza nako hakuhitaji mashine. Mimi nimepimwa kifua mara tatu. Nimeulizwa kama navuta sigara, nimeulizwa nani anakohoa nyumbani. Kama nina banda la njiwa, hakuna aliyeuliza. Ninalo.