Jina la Mada kama Ushahidi: Historia ya Vichwa vya Mada katika Hifadhidata za Maktaba na Utafiti wa Masuala ya Kijamii Yenye Utata, 1898–2021

1. Utangulizi

Mtafiti anayefungua hifadhidata ya maktaba ili kuchunguza suala la kijamii lenye mvutano hukutana na maneno kabla ya kukutana na vitabu. Kila rekodi hubeba jina la mwandishi, anwani ya kazi na mwaka wa kuchapishwa. Aidha, hubeba kichwa cha mada ambacho mkutubi amekichagua kutoka katika orodha rasmi. Kichwa hicho ndicho kinachoamua ni kazi zipi zitakaa pamoja na zipi zitatengana. Makala haya yanajenga hoja kwamba vichwa vya mada ni zao la historia, hivyo vinapaswa kuhojiwa kama ushahidi mwingine wowote: nani alivitunga, lini, na kwa kumfikiria msomaji yupi.

2. Orodha ya Washington na msomaji wa Lusaka

Orodha inayotumika kwa upana zaidi duniani ilianza kuandaliwa mwaka 1898 katika Maktaba ya Bunge la Marekani, jijini Washington. Ililenga kuhudumia mkusanyo wa maktaba hiyo, lakini kadiri maktaba nyingine zilivyonunua kadi na baadaye kunakili rekodi zake, lugha ya Washington ikawa lugha ya rafu za nchi nyingine pia, zikiwemo za Afrika.

Aliyelitazama tatizo hilo kwa makini ni Sanford Berman, mkutubi Mmarekani aliyefanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960. Miongoni mwa vichwa alivyovikuta katika orodha hiyo ni "Kafirs", kilichotumika kwa jamii za Waafrika wa kusini mwa bara. Msomaji wa Kiswahili analifahamu neno kafiri kwa maana yake ya kidini, yaani mtu asiyeamini. Kusini mwa Afrika, hata hivyo, neno hilo liligeuzwa kuwa tusi la ubaguzi dhidi ya watu weusi. Kwa hiyo, katika taifa lililopata uhuru mwaka 1964, mwanafunzi aliyetaka kusoma habari za jamii hizo angeelekezwa na katalogi kupitia tusi hilo. Mwaka 1971 Berman alichapisha kitabu Prejudices and Antipathies, akipitia kichwa kimoja baada ya kingine kuhusu watu weusi, Wayahudi, wanawake na makundi mengine, na kupendekeza marekebisho. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba orodha ilitungwa kana kwamba msomaji daima ni mzungu, Mkristo na mwanamume.

3. Mgogoro wa "wageni haramu", 2014–2021

Miongo minne baadaye, mvutano wa namna hiyo ulizuka katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani. Mwanafunzi aliyekuwa akitafiti maisha ya wahamiaji wasio na hati alikuta kazi alizozihitaji zimepangwa chini ya kichwa "Illegal aliens", yaani "wageni haramu". Mwaka 2014 wanafunzi, wakisaidiwa na wakutubi wa chuo hicho, waliwasilisha pendekezo la kukibadili. Maktaba ya Bunge ililikataa kwa sababu kwamba istilahi hiyo ilikuwa ya kisheria. Mnamo Januari 2016 baraza la Chama cha Maktaba cha Marekani liliunga mkono mabadiliko, na Machi mwaka huohuo Maktaba ikatangaza kwamba ingekifuta kichwa hicho.

Hapo ndipo siasa ilipoingia waziwazi. Wabunge waliopinga walidai kwamba maktaba ya taifa inafuata shinikizo la upande mmoja, na kamati ya bajeti ya Baraza la Wawakilishi ikaielekeza Maktaba ibaki na maneno yanayotumika katika sheria za nchi. Utekelezaji ukakwama. Katika kipindi hicho baadhi ya maktaba zilibadili katalogi zao zenyewe bila kusubiri Washington. Ni Novemba 2021 ambapo Maktaba ya Bunge ilitangaza vichwa viwili mbadala: "Noncitizens", yaani "wasio raia", na "Illegal immigration", yaani "uhamiaji haramu". Neno "haramu" liliondolewa kwa mtu likabaki kwa tendo, jambo linaloonesha kwamba uamuzi huo ulikuwa maafikiano zaidi kuliko ushindi wa upande mmoja.

4. Athari kwa mbinu za utafiti

Mtafiti anapata mafunzo mawili hapa. Kwanza, istilahi moja haitoshi. Kichwa kinaweza kubadilishwa, lakini anwani za vitabu, ripoti na magazeti ya zamani hubaki na maneno ya wakati wake. Anayetafuta kwa lugha ya leo pekee atapata mjadala wa leo pekee. Pili, kadi ya karatasi ilionesha kwa urahisi alama za masahihisho, ilhali hifadhidata hubadili rekodi nyingi kwa mara moja na kumfanya mtumiaji aamini kwamba mada imeitwa hivyo tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo, sura ya mbinu za utafiti inapaswa kutaja hifadhidata iliyotumika, maneno yaliyotafutwa na tarehe ya utafutaji.

Suala hili linaihusu pia hazina ya tasnifu za Kiswahili. Anayeandika "ukeketaji" na anayeandika "tohara ya wanawake" wanaweza kuwa wanazungumzia tendo lilelile, lakini kila mmoja amekwisha kuonesha msimamo, na utafutaji wa neno moja huweza kuficha kazi za upande wa pili. Aidha, tasnifu ya Kiswahili iliyoorodheshwa kwa vichwa vya Kiingereza pekee humlazimu msomaji wake kupitia lugha nyingine ili aifikie.

5. Hitimisho

Kuanzia Lusaka hadi Dartmouth, waliotambua kasoro ya orodha walikuwa watumiaji na wakutubi waliokuwa karibu na wale waliotajwa na vichwa hivyo. Mtaalamu wa historia hana mamlaka ya kuchagua jina litakalodumu. Wajibu wake ni kuyafuatilia majina yote ambayo mada imewahi kuitwa, na kumweleza msomaji ni jina lipi lililomfikisha kwenye ushahidi.