Mvinyo wa Dodoma umepata jina. Mkulima wa zabibu amepata nini?

Msomaji wa Pwani huenda akauliza: mvinyo watuhusu nini? Wengi wetu hatuunywi, na dini yetu ilishalikata shauri hilo zamani. Makala haya hayaji kulifungua tena. Lakini nyuma ya kila chupa kuna shamba, kuna mkulima, kuna sheria ya ushuru, na kuna swali la nani hubaki na pesa. Swali hilo ndilo lililo kwenye nazi zetu na maembe yetu. Dodoma, katikati ya Tanzania, wamepambana nalo kupitia zabibu kwa zaidi ya miaka 60, na yaliyowapata yafaa kujulikana huku kwetu.

Zabibu zilifikaje Dodoma

Dodoma ni nchi kavu ya Wagogo, watu wa mtama, uwele na ng'ombe. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na vumbi.

Mizabibu ililetwa na wamishonari wa Kikatoliki, waliohitaji divai ya ibada zao. Katika miaka ya 1950 waliipanda Bihawana, nje kidogo ya mji. Gereza la Isanga nalo likawa na shamba lake, na polepole wanavijiji wakachukua vipandikizi wakajaribu kwao. Leo zabibu za Dodoma hulimwa zaidi na wakulima wadogo, wenye ekari moja au mbili, katika vijiji kama vya Hombolo, Mpunguzi na Chinangali.

Ukiangalia ramani ya dunia, mashamba makubwa ya mizabibu yako mbali na ikweta, kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini na kusini. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Kule Ulaya baridi huulaza mzabibu, majani yakapukutika, na mwaka mzima mavuno huwa mara moja. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, kwa hivyo mkulima mwenyewe ndiye anayeuamrisha mti wake. Akiupogoa, yaani akiyakata matawi ya zamani, mzabibu huchipua upya na kuzaa. Ndiyo maana wao huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na Februari na Machi, na mara ya pili Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi husifiwa zaidi, kwa sababu ukungu ni kidogo na jua huijaza zabibu sukari.

Aina zinazopandwa ni kadhaa. Kwa mvinyo mweupe kuna Chenin Blanc, na kwa mwekundu kuna Syrah. Kuna pia aina nyekundu inayojulikana kwa jina la hukohuko, Makutupora, sawa na kituo cha utafiti wa zabibu kilicho kaskazini ya mji. Kituo hicho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, na ndicho kinachozalisha miche na kuwafundisha wakulima kupogoa.

Chupa zilizobeba jina

Baada ya uhuru, serikali ya Tanzania iliunda kampuni yake ya mvinyo, DOWICO. Kwa miaka kadhaa mkulima wa Dodoma alikuwa na mnunuzi mmoja anayejulikana. Yalipokuja mageuzi ya uchumi na milango ya biashara ikafunguliwa, kampuni hiyo iliporomoka kama mashirika mengi ya umma ya zama zile. Wakulima wengi waliitelekeza mizabibu yao, na wengine waliing'oa.

Uhai ulirudi kwa watu binafsi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, CETAWICO ilianza kazi Hombolo kwa mtaji na ujuzi wa Waitaliano, ikapanda hata aina za zabibu za kaskazini ya Italia. Alko Vintages, kampuni ya Kitanzania, ikaingia sokoni na mvinyo wake, ukiwemo ule unaoitwa Dompo. Kampuni ya Tanzania Distilleries, inayojulikana zaidi kwa Konyagi, nayo ikatoa mvinyo unaoitwa Dodoma, jina la mji likawa ndilo jina la chupa.

Leo chupa hizo ziko kwenye rafu za Dar es Salaam na Arusha, na katika hoteli za watalii. Mgeni atokaye Ulaya, aliyezoea kufikiri kuwa mvinyo wa Afrika ni wa Afrika Kusini au wa Afrika ya Kaskazini, husoma jina la Dodoma na kuuliza ni wapi. Kwa nchi kavu iliyojulikana kwa njaa na vumbi, hilo si jambo dogo.

Ushuru ulivyosaidia

Sifa hiyo haikuja kwa ubora wa zabibu peke yake. Sheria ya Tanzania hutofautisha ushuru wa bidhaa kwa kuangalia tunda limetoka wapi. Mvinyo wenye zabibu za nyumbani kwa zaidi ya asilimia 75 hutozwa kiasi kidogo sana kwa lita, na ule wa zabibu za nje hutozwa mara kadhaa zaidi. Kwa hivyo mwenye kiwanda akipiga hesabu zake, anaona faida ya kwenda Hombolo au Chinangali kununua zabibu, badala ya kuagiza mvinyo wa bei nafuu kutoka ng'ambo na kuutia kwenye chupa tu.

Hapa pana somo kwa kila zao. Serikali inaweza kuhimiza "nunua cha nyumbani" kwa mabango na hotuba mwaka mzima. Mstari mmoja kwenye jedwali la ushuru hufanya kazi kubwa kuliko mabango yote hayo.

Zabibu haingoji

Pamoja na sifa na sheria, mkulima wa Dodoma amelia mara nyingi, na kilio chake ni cha namna moja: soko. Zabibu ikishaiva haina subira. Ukiiacha mtini hunyauka na kuliwa na ndege. Ukiikata, katika joto lile, ina siku chache tu kabla ya kuoza. Mnunuzi analijua hilo vizuri. Anajua pia kwamba vijiji vyote vinavuna wiki zilezile. Akisema tangi zake zimejaa, mkulima hana la kufanya ila kukubali bei yoyote au kuona kazi ya miezi ikimwagika. Misimu ya zabibu kuozea shambani imetokea Dodoma zaidi ya mara moja, huku mvinyo wenye jina la mji huo ukiendelea kuuzwa madukani.

Njia waliyoipata ni ile wanayoiita mchuzi wa zabibu. Badala ya kumsubiri mnunuzi na zabibu mbichi, wakulima au wasindikaji wadogo huzikamua wenyewe, chachu ikaanza kuigeuza sukari, kisha hicho kilichopatikana huwekwa kwenye matangi safi na kuuzwa kwa viwanda vikubwa baadaye. Mchuzi ukihifadhiwa vizuri hungoja miezi. Mwenye mchuzi huweza kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo sitaki, rudi mwezi ujao." Mwenye zabibu mbichi hawezi kulisema neno hilo.

Lakini matangi, mashine za kukamua na umeme wa uhakika vyataka pesa ambazo mkulima wa ekari moja hana. Ndiyo maana ushirika umekuwa na maana kubwa huko. Chinangali, katika wilaya ya Chamwino, wakulima waliunganishwa katika shamba kubwa la pamoja lenye umwagiliaji wa matone na mkopo wa benki. Mradi huo umepita katika shida zake za maji na madeni. Hata hivyo umeonyesha kwamba mkulima mdogo akiwa na wenzake hupata kusikilizwa na benki, na peke yake hapati.

Kenya nasi tulijaribu

Huku kwetu Kenya, serikali iliunda KWAL mwaka 1969 kusimamia biashara ya mvinyo na pombe kali. Katika miaka ya 1980, kampuni hiyo ilijulikana kwa mvinyo wa papai. Ulitoka kwenye tunda la hapa, na wenye umri wanaukumbuka. Baadaye mizabibu ilipandwa Morendat, kati ya Naivasha na Gilgil, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko ndiko unakotoka mvinyo wa Leleshwa, wenye jina la kichaka cha Bonde la Ufa. Hayo ni mashamba ya kampuni moja, si ya maelfu ya wakulima wadogo kama Dodoma.

Ushuru wetu nao una njia nyingine. Tangu Desemba 2024, Kenya hutoza mvinyo kwa kadiri ya kilevi kilichomo, shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina sentilita 9, kwa hivyo hulipa shilingi 202.50, iwe zabibu zake ni za Naivasha au za ng'ambo. Mvinyo wa nje hulipa pia ushuru wa forodha, lakini katika kiwango hiki cha shilingi 22.50, tunda la mkulima wetu halina uzito wowote. Sisi wa Kipevu, tunaoziona kreni za bandari kila asubuhi, twajua ni bidhaa ngapi za nchi za watu hushushwa hapa, na ni chache vipi za mashamba ya Pwani zinazopakiwa kwenda nje.

Mgema wetu yuko wapi?

Pwani ina kinywaji chake cha tangu na tangu. Tembo la mnazi hugemwa Kaloleni, Rabai na sehemu nyingi za Kilifi na Kwale, na huteremka hadi mangwe za Changamwe. Mwanataaluma David Parkin aliandika kitabu kizima juu ya minazi na tembo la Wagiriama, kilichotoka mwaka 1972, akaonyesha jinsi minazi ilivyowatajirisha wachache na kuwatoa wengine kwenye ardhi yao. Tembo limeandikwa vitabuni, lakini mgema bado hukimbizwa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji kwa masharti, ila kila msako unapotangazwa, mitungi yake humwagwa pamoja na sumu za wengine.

Simtetei mnywaji, wala sisemi mangwe ziongezwe. Nasema shida ya mgema ni ileile ya mkulima wa Dodoma, tena kubwa zaidi. Zabibu ina siku chache. Tembo lina saa chache. Asubuhi ni tamu, mama zetu walilitumia kama chachu ya mahamri na vitumbua. Jioni ni kali, na likiachwa huwa siki. Asiye na pa kuligandisha au kulisindika, hana budi kuliuza leo hii kwa atakayekuja, kwa bei ya atakayekuja.

Hapo ndipo hata Mwislamu asiyegusa kilevi ana hisa yake. Utomvu wa mnazi ukiwahiwa kabla ya kuchacha huchemshwa ukawa asali na sukari ya mnazi, kama wafanyavyo Indonesia na Ufilipino, na hizo husafiri hadi masoko ya mbali. Siki nayo ni kitoweo kilichosifiwa na Mtume wetu. Madhehebu yetu ya Shafi yanakubali ile iliyogeuka yenyewe, na ile iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu ina maneno, tuwaachie masheikh. La muhimu ni kwamba mnazi una soko la halali pana kuliko la mangweni, ila soko hilo lataka vyombo, jiko na mahali pa baridi karibu na shamba.

Tuliwahi kuwa na Mamlaka ya Ustawi wa Minazi, iliyoundwa mwaka 2007 na afisi zake zikiwa hapa Pwani. Baada ya mageuzi ya sheria za kilimo ya mwaka 2013, ilimezwa ndani ya mamlaka kubwa ya kilimo ya kitaifa, mnazi ukawa zao moja kati ya mengi. Dodoma bado wana Makutupora, kituo cha zao lao, mahali ambapo mkulima hubisha hodi na kupata mche.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dodoma imeonyesha kwamba sifa inaweza kumfikia mwenye kiwanda na isimfikie mwenye shamba, mpaka mwenye shamba awe na tangi lake la kungojea. Mwaka 2027 watakuja wa kuomba kura, na wengi watazungumza habari ya "kuinua mnazi". Tuwaulize mambo mawili tu. Ni kijiji gani cha Kaloleni au Msambweni kitakachopata jiko la sukari ya mnazi na chumba cha baridi, na kwa mwaka gani wa bajeti? Na ni ushuru gani utakaoshuka kwa anayetumia tunda la mkulima wa Pwani? Asiyekuwa na jawabu la hayo, minazi yetu ameiona akiwa ndani ya gari tu.