Tundu Pana na Nuru Haba

Mpiga picha wa leo mwenye kamera ya dijiti aghalabu huusiwa mambo mawili: aiweke ISO chini, 100 ikiwezekana, na aufungue mdomo wa lenzi kwa upana wake. Kuipandisha ISO hakuiongezei kamera nuru. Hukuza tu ishara iliyokwisha pokewa, pamoja na chengachenga zake. Desturi hii hudhaniwa kuwa ni ya juzi. Asili yake ni dhiki ya mwaka wa 1839.

Mwaka huo Daguerre alipotangaza ufundi wake mjini Paris, bamba lake la fedha lilikuwa zito mno kuihisi nuru, na lenzi yake ilifanya kazi kwa tundu jembamba, yapata f/15. Aliyetaka sura yake ichukuliwe ilimpasa atulie juani kwa dakika nyingi, kichwa kikiegemezwa kwenye kishikizo cha chuma asitikisike. Dawa za kulihimiza bamba zilikuwa bado zatafutwa. Njia ya pili ilikuwa kulipanua tundu.

Kazi hiyo ilifanywa na Joseph Petzval, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna. Hakuwa fundi wa vioo, wala hakuwa na mashine kama zetu za kukokotoa. Alipewa askari wa mizinga waliozoea hesabu wamsaidie, na katika mwaka wa 1840 akaikamilisha lenzi ya f/3.6. Kwa kuwa nuru hufuata mraba wa upana wa tundu, lenzi hii ilipitisha yapata mara 17 ya ile ya kwanza, na dakika zikawa sekunde. Voigtländer aliitengeneza akaiuza kwa wingi. Petzval alilipwa mara moja tu, na hatimaye wakagombana. Nadhani wenye hesabu wengi waijua ada hiyo.

Lenzi yake ilikuwa na ila: katikati dhahiri, pembeni imefifia. Petzval aliivumilia ila hiyo kwa ajili ya nuru. Sisi twautafuta ufifizi kwa makusudi na kuuita uzuri, hata mahali ambapo nuru imezidi. Katika jua la adhuhuri, ISO 100 na tundu la f/1.4 huishinda hata kamera ifumbayo kwa sehemu 1 ya 8,000 ya sekunde, na mpiga picha hulazimika kuivika lenzi kioo cheusi.