Chemirocha: Mpiga gitaa wa Marekani aliyeimbwa Kericho

CHEMIROCHA ni jina ambalo wasichana wa Kipsigis waliliimba mbele ya kinasa sauti cha mtafiti Hugh Tracey mnamo 1950, huko Kapkatet, Kericho, magharibi mwa Nakuru. Mwenye jina hilo, Jimmie Rodgers, alikuwa amefariki New York miaka 17 awali, na Afrika hakuwahi kuikanyaga.

Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, katika jimbo la Mississippi. Kabla ya gitaa kumlisha, alishughulikia breki za garimoshi, kazi ambayo Nakuru, mji uliozaliwa na reli, ungeifahamu vyema. Kifua kikuu kilichompata mnamo 1924 hatimaye kilimwondoa relini.

Safari yake ya usanii ilianza kwa ugomvi. Agosti 1927 alifika Bristol, Tennessee, pamoja na bendi yake ili warekodiwe na Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Wakazozana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakatengana. Mnamo Agosti 4 Rodgers akarekodi nyimbo mbili, yeye na gitaa lake tu. "Blue Yodel", aliourekodi Novemba mwaka huo, ndio uliompa umaarufu.

Hakuwa bingwa wa nyuzi. Uhodari wake ulikuwa kuchanganya. Alichukua bluzi za Wamarekani weusi, akatia yodeli, yaani uimbaji wa kurusha sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba. Alirekodi na bendi za jazi, na wapiga gitaa wa mtindo wa Hawaii na, mnamo 1930, na mpiga tarumbeta Louis Armstrong. Bluzi na muziki wa mashambani vilipokutana tena katika miaka ya 1950, kikazaliwa kile kiitwacho rokabili.

Santuri zake zilifika Bonde la Ufa pamoja na gramafoni za Wazungu. Sikio lililozoea majina kama Chemutai na Chepkemoi likamfanya Jimmie Rodgers kuwa Chemirocha. Tracey aliandika kwamba waimbaji walimdhania kiumbe nusu mtu, nusu swara, wakamwalika acheze hadi nguo zimdondoke. Maelezo hayo yamenukuliwa kote duniani. Binafsi nashuku mzaha wa wasichana ulichukuliwa kwa uzito kupita kiasi. Isitoshe, hawakumwiga. Wimbo wao hauna gitaa wala yodeli, bali chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo.

Santuri ya Tracey ilimtaja Chemutoi Ketienya. Wenzake wakabaki "wasichana wa Kipsigis" tu. Rekodi ikahifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mnamo 1954, ikasikilizwa ng'ambo kwa miongo kadhaa. Ni mnamo 2015 ambapo maktaba hiyo, kwa ushirikiano na mradi wa Singing Wells, ilirejesha nakala Kapkatet. Miongoni mwa waliorekodiwa na Tracey, wapo waliokuwa bado hai kuzipokea.